Muhali haumo kwenye mtaala

"Lakini mwalimu, jina sijalitaja."

Ndivyo alivyonijibu binti mmoja aliyekuja kwenye chumba chetu cha habari hapa Chake Chake kwa mafunzo ya vitendo, akiwa mwaka wa pili wa shahada yake ya uandishi wa habari. Alikuwa katoka mahakamani na habari ya kesi ya udhalilishaji wa mtoto. Kweli, jina hakulitaja. Aliandika kuwa mtoto ana miaka minane, yuko darasa la pili, analelewa na bibi yake, na marehemu baba yake alikuwa fundi wa majahazi. Kisha akataja shehia, lile eneo dogo kabisa la utawala wetu. Nikamuuliza: katika shehia ile, mafundi wa majahazi waliofariki wakaacha mtoto wa umri huo ni wangapi? Akainamisha kichwa. Shehia ile anaijua, mama yake mdogo kaolewa huko. Jibu lilikuwa mmoja.

Tukaifuta aya ile pamoja. Akabaki mtoto wa chini ya miaka kumi, wa wilaya fulani, basi.

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Alifanya kile hasa alichofundishwa. Kitabu alichosomea kinasema usimtaje mtoto kwa jina wala usichapishe sura yake, naye hakumtaja wala hakumpiga picha. Lakini kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya miji ambayo mtu akipanda basi hamjui aliyekaa pembeni yake. Ukiandika huko "mtoto wa fundi", umetaja mmoja katika maelfu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba yote ni watu laki tano na ushei. Ukimwonyesha Mpemba kiatu, atakwambia cha nani.

Sikiliza tanzia redioni uone. Msomaji hamtaji marehemu tu. Atasema anahusiana na fulani wa Wete, na fulani wa Mtambile, na bibi fulani wa Ng'ambo, na mwengine aliyeko Maskati, mpaka msikilizaji aliyekuwa anapaa samaki jikoni aache kisu, maana keshasikia jina la kwao. Hiyo ndiyo hadhira anayoiandikia mwandishi wa Zanzibar. Hadhira ya jamaa.

Nina jambo moja tu la kusema katika makala hii, na nimelibeba kwa miaka: shahada ya uandishi wa habari tunayowasomesha vijana wetu imetungwa kwa ajili ya watu wasiojuana. Sisi tunajuana. Mpaka darasa likiri hivyo, kijana atatoka chuoni na alama nzuri, na siku ya kwanza tu kazini atajikwaa kwenye jambo ambalo mwalimu wake hakuwahi kulitamka.

Jambo hilo lina jina, na kila Mzanzibari analijua: muhali. Ule uzito unaomkaa mtu kifuani asimkatalie jamaa yake, asimshitaki, asimuulize swali litakalomvunjia uso. Kuona muhali ni sehemu ya adabu tuliyolelewa nayo, na mimi siitukani adabu hiyo. Imetuwezesha kuishi nyumba zilizoshikana kuta bila kuumizana. Lakini muhali huohuo ndio unaotajwa kila panapozungumzwa kesi za udhalilishaji zinazofia njiani: shahidi hatokei, mama anafuta maneno yake, wazee wanakaa kikao wanasema tusitiriane. Mahakama maalumu zimeanzishwa, na bado muhali unaingia nazo ndani.

Basi mwandishi naye ataepukaje? Binti yule nilimpa kazi ya pili: skuli moja ya kijijini, wazazi wanalalamika kuwa walichanga fedha za madawati na madawati hayajaonekana. Akaniangalia kwa muda. Mwalimu mkuu wa skuli ile ni kaka wa baba yake. "Nitamtazamaje siku ya Iddi, mwalimu?" Nadharia ya upangaji ajenda aliijua, angeweza kunieleza bila kusita. Historia ya Watergate, ile kashfa ya Marekani iliyofichuliwa na waandishi, aliijua. Swali la baba mkubwa na madawati hakuna aliyemtayarisha kwalo, hali ya kuwa ndilo swali atakaloishi nalo maisha yake yote akibaki katika kazi hii.

Na majibu yapo. Wakongwe wa kazi hii visiwani wanayo, wamejitungia wenyewe kwa kuungua. Wapo wanaobadilishana: wewe nifuatilie kwa jamaa zangu, mimi nitakufuatilia kwa wako, na chumba cha habari kikijua wazi kwa nini. Wapo wanaotanguliza salamu kwa mzee wa familia, wamwambie mapema kuwa kesho nitakwenda kumuuliza fulani jambo la kazi, ili likija lisije kama shambulio. Mmoja wa walionifundisha alikuwa na kanuni yake: jamaa muulize ofisini kwake, usimuulize nyumbani, na kama ni lazima uende nyumbani basi uliza kabla hujala. Ukishakula uji wa watu na dafu umenywa, swali linakwama kooni. Nilipokuwa kijana niliona ni mambo ya kizee. Sasa naona kilikuwa ni kipindi kizima cha maadili ya uandishi, tena kilichofikiriwa kwa ajili ya hapa. Wengi wa wazee hao wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyewakalisha chini akaandika wanayoyajua.

Kwa nini chuo hakiyaandiki? Sababu kubwa naiona kwenye lugha. Vyuo vikuu vyetu, Tunguu na kwengine, vinasomesha kwa Kiingereza, ukitoa masomo ya Kiswahili chenyewe. Muhali hauna neno moja la Kiingereza linaloubeba wote. Sitara hali kadhalika. Neno lisilotamkika darasani halifikiriwi darasani; halitakuja kwenye mtihani, na mwanafunzi mwenye busara hapotezi usiku wake kwa jambo lisilokuja kwenye mtihani. Hivyo sehemu ngumu kuliko zote ya kazi yake hubaki nje ya mlango pamoja na viatu.

Jambo hili lina uchungu wake hapa kuliko mahali pengine. Kikao cha Mombasa cha 1928 kiliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake yako Zanzibar. Wageni hupanda ndege kuja kujifunza Kiswahili kwetu. Kisha kijana wa Mkunazini au wa Kojani, mwenye lafidhi ambayo watangazaji wa bara wanaitamani, anakaa miaka mitatu akijifunza kuandika habari kwa lugha ambayo, akiajiriwa, pengine hataandikia hata aya moja. Magazeti yetu karibu yote ni ya Kiswahili. Redio nazo karibu zote ni Kiswahili, tangu Sauti ya Unguja ilipoanza 1951 mpaka redio jamii za Micheweni, Mkoani na Tumbatu. Baraza la Wawakilishi linajadili kwa Kiswahili.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kurasa. Kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kijana kuandika habari kwa Kiswahili, akifika chumba cha habari hufungua magazeti ya nyuma na kuiga. Kiswahili cha habari kwetu hakifundishwi, kinaambukizwa. Ndiyo maana habari zetu zote zina sura moja: wananchi wametakiwa, wakulima wamehimizwa, wazazi wameaswa. Aya ya pili, "Ameyasema hayo jana alipokuwa akizungumza na waandishi wa habari ofisini kwake." Aya ya tatu, "Aidha". Anayesema ni mwenye cheo siku zote, na anayeambiwa ni mwananchi siku zote.

Binti yule aliniletea habari ya namna hiyo kutoka kwenye warsha ya wakulima wa mwani. Ilianza: "Wakulima wa mwani wametakiwa kuchangamkia fursa za uchumi wa buluu ili kuongeza mnyororo wa thamani." Nikamwambia afunge kompyuta. Nikamuuliza kama angekuwa barazani kwao sasa hivi, bibi yake akamuuliza huko ulikotoka kuna nini, angemjibu vipi? Akasema bila kufikiri: "Ningemwambia kina mama mwani wao umekaa gunia ndani, wiki ya tatu sasa, mnunuzi hajaja." Nikamwambia hiyo ndiyo aya yako ya kwanza. Alicheka, kisha akaona kuwa nilimaanisha. Kitu kile alikuwa nacho tangu asubuhi. Alikisikia nje ya ukumbi, kwa kina mama wawili waliokuja wamechelewa, na hakukiandika kwa sababu hakikutoka kwenye kipaza sauti.

Na kwa nini walichelewa? Hapa napenda nikae kidogo. Warsha ilipangwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Siku za bamvua maji hutoka sana, na kwetu hutoka asubuhi hiyohiyo, saa nne hivi. Ndizo saa za mwanamke wa mwani kuwa shambani, magoti ndani ya maji, anafunga kamba. Waandaaji walimwita mkulima wa bahari saa ya kazi yake. Ukumbi ulijaa watu wa ofisini wakizungumza juu ya watu walioko baharini. Mwandishi anayejua hesabu ya bamvua na maji mafu angeingia mle akajua, kabla hata risala haijasomwa, kuwa habari ya siku ile ni viti vilivyokosa wenyewe. Mwani wa biashara umelimwa pwani za Unguja tangu mwisho wa miaka ya 1980, Paje na Jambiani zikiwa mwanzo, na miaka ya karibuni joto la bahari limewaharibia wakulima ile aina yenye bei nzuri. Ni habari ya sayansi, ya biashara ya dunia, ya wanawake na fedha zao wenyewe. Karafuu ni vivyo hivyo: nani ananunua, kwa daraja gani, mchumaji analipwa vipi kwa pishi, magendo yanapitia bandari gani. Mtaala unaoanza na karafuu na mwani ungemfikisha mwanafunzi kwenye uchumi wote, lakini safari ingeanzia ufukweni kwao.

Nimesema lugha, sasa niseme sheria, maana ugonjwa ni uleule. Nilimuuliza binti yule ni sheria ipi inamhusu kama mwandishi. Akanitajia Sheria ya Huduma za Habari, Namba 12 ya 2016, akaieleza vizuri. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Habari si jambo la Muungano. Akaongeza Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya 1791. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinachompa yeye mwenyewe haki ya kutoa maoni na kupata habari, hakuwahi kukisoma. Sheria Namba 5 ya 1988, ya usajili wa magazeti na vitabu, iliyorekebishwa 1997 na inayompa waziri uwezo wa kulisimamisha gazeti akiona maslahi ya umma yanadai hivyo, hakuwahi kuishika mkononi. Sheria ile ilitungwa miaka minne kabla ya vyama vingi kurudi nchini, wakati gazeti binafsi Zanzibar halipo. Jumuiya za waandishi, WAHAMAZA, TAMWA Zanzibar na wenzao, zimeipigia kelele miaka na miaka. Mwanafunzi asiyeijua atajiungaje na kelele hiyo, au hata kuipinga kama anaona sivyo?

Historia nayo imehama. Nimesema Watergate aliijua. Dira hakulijua, gazeti binafsi lililohaririwa na Ali Nabwa, likasomwa kwa kugombaniwa vijiweni, kisha likafungiwa Novemba 2003. Hakujua kuwa mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwafikisha mahakamani kwa uchochezi viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa maandishi ya gazeti lao la Al-Falaq, na kwamba kesi ile iliwafanya wasusie Baraza la Kutunga Sheria. Hayo yalitokea hapa. Wajukuu wa waliokuwa upande huu na upande ule wa magazeti ya zama zile tunakutana nao sokoni Darajani, na pengine ndiyo sababu hatuyasomeshi. Muhali mwengine.

Kuna wenzangu wanaonipinga, na hoja yao naiheshimu. Wanasema Kiingereza ndicho mlango: ripoti za mashirika ziko kwa Kiingereza, sheria nyingi bado ziko kwa Kiingereza, mikataba ya hoteli na ya gesi iko kwa Kiingereza, na mwandishi asiyeisoma atadanganywa. Nakubali kila neno. Tena nasema mwandishi wa Zanzibar ni mfasiri kila siku ya kazi yake, kuliko mwandishi wa London atakavyowahi kuwa. Basi afundishwe kufasiri. Apewe ripoti ya kurasa 80, aisome kwa Kiingereza, aitoe kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Tumbe atakifahamu bila kuuliza mara ya pili. Mtihani huo ni mgumu kuliko insha juu ya nadharia. Ukiuanza tu, maneno kama "mnyororo wa thamani" yanaanguka, kwa sababu mvuvi atakuuliza mnyororo gani.

Wengine wanasema wahitimu wengi hawaendi kwenye magazeti hata hivyo, wanakwenda kuwa maofisa habari wa wizara, mashirika na mahoteli. Ni kweli. Chumba cha habari kinalipa kidogo, na wanaojitegemea wanalipwa kwa habari, habari yenyewe ikikataliwa nauli imekwenda. Ndipo bahasha inapoingia, zile fedha anazopewa mwandishi na mwenye kutaka habari yake iandikwe. Darasani somo la bahasha huwa la dakika tano: usipokee. Sawa, asipokee. Lakini gari ya mwaliko inampeleka Makangale na kumrudisha, na mfukoni ana nauli ya kwenda tu. Ningependa mwanafunzi akalishwe na hesabu hiyo kwa karatasi na kalamu: habari hii inagharimu shilingi ngapi, nani atazilipa, na asipozilipa mhariri, ni nani atazilipa na kwa sababu gani. Anayeweza kufanya hesabu hiyo ataikataa bahasha kwa akili, na akija kuwa ofisa habari atajua anachowafanyia wenzake anapoitoa.

Sitaki chuo kifungwe ndani ya kisiwa. Vijana wasome ya dunia, tena kwa wingi. Nataka mwaka wao wa kwanza uanze kwenye shehia. Kila mwanafunzi apewe moja, isiyo yake, aende miezi mitatu mfululizo: amjue sheha, akae mahakamani siku nzima hata kama hakuna kesi kubwa, asome makadirio ya bajeti yanayohusu kituo cha afya cha pale, aandike kwa Kiswahili na aliyoyaandika asomewe wenyewe wa shehia kabla hayajapewa alama. Mzee wa pale akisema "hivi sivyo", mwanafunzi ajibu. Hakuna mkufunzi wa kigeni anayeweza kumpa mtihani wa namna hiyo, na hauhitaji mashine wala studio. Mwaka wa pili apewe shehia yake mwenyewe, ambako kila anayemhoji atamwita mwanangu.

Habari ya madawati, kwa anayetaka kujua, iliandikwa. Binti yule alikwenda kwa bibi yake kwanza, mama wa mwalimu mkuu na wa baba yake, akamweleza. Bibi akamwambia: "Nenda kamuulize, ni mtoto wangu na wewe ni mjukuu wangu." Swali alikwenda kuliuliza mwenzake wa kiume kutoka Wete, kwa makubaliano ya chumba cha habari, na yeye, kwa kubadilishana, akafuatilia habari ya jamaa wa yule kijana. Risiti za fundi zikaonekana, baadhi ya fedha zikawa bado hazijatumika, madawati yakaletwa muhula uliofuata.

Mwaka huu yuko mwaka wa mwisho na utafiti wake ameufanya juu ya muhali na uandishi wa habari za udhalilishaji Pemba. Lazima uandikwe kwa Kiingereza. Alikuja ofisini jioni moja tutafute neno la kuweka kwenye kichwa cha utafiti. Tulijaribu moja, likawa linasema aibu. La pili likasema woga. La tatu likasema heshima, na hilo nalo likawa nusu. Adhana ya magharibi ikatukuta bado tumekaa. Mwishowe akaliacha muhali kama lilivyo, kwa herufi zake, na chini ya ukurasa akaanza kuandika maelezo. Nilipofunga ofisi alikuwa mstari wa sita na bado anaendelea.